Breki Mbili Zisizosalimiana

Usiku wa kuamkia safari, Tulinagwe aliota kwamba soksi zimeitisha kikao.

Hakushangaa sana. Jioni ile mumewe, Ambakisye, alikuwa ametandaza sakafuni sebuleni kila kitu watakachobeba kwa baiskeli kutoka Makambako hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na soksi alizipanga mstari wa mbele. Anayekaa mbele ndiye anayeitisha kikao. Ndotoni jambo hilo lilikuwa wazi kabisa.

Ambakisye alikuwa mkaguzi wa nguzo za umeme, mtu wa kugonga mti na kusikiliza kama umeoza ndani. Kwa muda wa miezi kadhaa alikuwa amegeukia simu yake, anasoma namna ya kuchagua vifaa vya safari ndefu ya baiskeli, na kila chakula cha jioni alikianza kwa maneno yale yale: "Mama Lugano, wataalamu wanasema..." Alimchagulia mkewe helmeti, kiti cha baiskeli, koti la mvua, glavu, hata soksi. Tulinagwe, ambaye kazi yake ni kushona sare za shule, aliitikia "sawa" kwa kila kimoja. Kisha akaenda kulala na neno moja limemkwama kooni. Haendi. Tangu alipoanguka na baiskeli kwenye mteremko wa barabara ya Njombe akavunjika mtulinga, ule mfupa unaoshika bega, hakuwa na hamu ya kuteremka popote. Angemwambia mumewe asubuhi, chai ikiwa mezani.

Ndipo soksi zikaitisha kikao.

"Akidi imetimia," ilisema helmeti. Yenyewe ndiyo iliyokuwa mwenyekiti, kwa kuwa ndiyo pekee iliyojua habari za kichwa. "Ajenda ni moja. Wataalamu wanasema kila kinachosafiri lazima kiwe na kazi mbili. Asiye nazo anabaki nyumbani. Pampu!"

Pampu ilisimama. "Najaza upepo. Na nafukuza mbwa."

"Pita. Sabuni?"

"Naogesha watu, nafua nguo."

"Pita. Soksi?"

"Tunavaliwa miguuni," zilijibu soksi kwa pamoja, "na tumeitisha kikao."

Wajumbe wakapiga makofi. Hapo kikajitokeza kitenge cha Tulinagwe, ambacho Ambakisye hakukiweka sakafuni; kilikuwa kimetoka kabatini chenyewe. Kilipoulizwa kazi zake kilikohoa kidogo kikaanza. Kinafunika. Kinafunga mzigo. Kinakausha mwili. Kinatandikwa. Kinatundikwa dirishani mahali pasipo na pazia. Kinabeba mtoto, na mtoto akikua kinabeba kuni. Kinazuia upepo, kinachuja maji, kinashikia sufuria ya moto. Kiliendelea mpaka tyubu ya akiba ikasinzia na mwenyekiti akaomba mchangiaji afupishe.

"Tulinagwe," ilisema helmeti.

"Mimi?"

"Wewe nawe. Kazi zako mbili."

Tulinagwe alijiangalia. Alikuwa amekaa sakafuni kati ya glavu na kopo la mafuta ya mnyororo, na hakukumbuka alivyofika pale.

"Mimi ni Mama Lugano," alisema.

"Moja."

"Nashona sare."

"Safarini hakuna sare."

Akafikiri. Sebule nzima ilikuwa inamsubiri. Soksi ziliangaliana kama jamaa wanaomwonea aibu ndugu yao mbele ya wageni. Alitaka kusema kwamba hana haja ya kazi ya pili kwa sababu haendi, lakini neno lile lilikuwa bado kooni, na kikao kilikuwa na utaratibu. Huwezi kusema jambo ambalo halimo kwenye ajenda.

"Apite kwa masharti," helmeti iliamua. "Akakisalimie kiti."

Tulinagwe aliinuka, akafungua mlango wa chumbani, akatokea stendi ya Makambako mchana kweupe.

Baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta wa duka la pembejeo, imefungwa mikoba pande zote mbili. Kiti chake kilikuwa kipya, chembamba, cheusi, na kilimtazama bila haraka. Tulinagwe alipokiangalia vizuri aliona kwamba kilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba. Wewe wa wapi?"

"Wa hapa hapa. Ila kwetu ni Rungwe."

"Kwa nani?"

"Kwa mzee Mwakalinga."

"Mwakalinga wa chai au Mwakalinga wa ndizi?"

"Wa chai."

"Ahaa," kilisema kiti, kikalainika kidogo. "Basi kaa. Lakini usikae wote. Wataalamu wanasema kiti na mwenye kiti wazoeane kidogo kidogo. Leo kaa nusu."

Tulinagwe akakaa nusu. Nusu ya pili aliiacha ikisimama kando, imeshika mkoba.

Matairi hayakuwa na upepo. Pembeni mwa stendi alikuwepo mama mmoja mnene aliyejifunga shuka mabegani, amepanga madumu mbele yake kama wauza asali wa barabarani. Madumu yalikuwa yanatikisika yenyewe.

"Karibu upepo, mama. Nikupe upi?"

"Wa kawaida tu."

"Wa kawaida umekwisha. Upo wa mbele na upo wa nyuma."

Tulinagwe aliona jibu ni rahisi. Alikuwa fundi, alipenda vitu vikae mahali pake. "Gurudumu la mbele litie upepo wa mbele," alisema. "La nyuma litie upepo wa nyuma."

Yule mama alimkazia macho. "Una hakika?"

"Ndiyo."

"Haya," alisema, akafungua madumu.

Gurudumu la mbele likaondoka mara moja. La nyuma lilibaki. Baiskeli ikaanza kurefuka.

Haikukatika, wala haikulia. Ilirefuka tu, kama unga uliokandwa vizuri. Usukani ulipita kituo cha mafuta, ukapita mizani ya malori, ukaanza kushuka kuelekea Igawa, na mikono ya Tulinagwe ilikwenda nao kwa sababu wataalamu wanasema usiachie usukani. Anasikia viganja vinatoka jasho la bondeni na huku miguu yake bado ina baridi ya Makambako.

"Tuko wapi?" anapiga kelele.

Sauti ya usukani inamrudia baada ya muda, ndogo, kama mtu anayeongea kwenye simu yenye mtandao mbovu. "Huku kuna joto! Kuna mpunga!"

"Rudi!"

"Siwezi! Upepo wa mbele haurudi!"

Nusu yake iliyosimama kando ilimshauri ashushe gia. Ushauri huo aliukumbuka: ukielemewa, shusha gia. "Gia, shukeni," aliagiza. Gia zikashuka. Zilishuka moja moja na mizigo yao midogo, zikamshukuru kwa kuzifikisha, zikavuka barabara zikiangalia kulia na kushoto, zikaingia hotelini kunywa supu. Mnyororo ulipobaki bila wa kuushika ulijikunja kwa nguvu kama mpira wa manati, na baiskeli nzima, pamoja na Tulinagwe na nusu yake nyingine, ikajikuta Chimala.

Jua la Chimala lilikuwa kali. Hapo ndipo alipomwona Ambakisye.

Alikuwa mbele, anakanyaga pedali taratibu, shati lake la njano limeshikamana na mwili. Tulinagwe alimfukuzia. Alipomfikia alitaka kumwonyesha usoni kwamba amechoka, kwa hiyo akaongeza mwendo akampita kidogo, akageuza shingo. Akauona mgongo. Akapunguza mwendo, akampitia upande wa pili. Mgongo tena. Ambakisye hakuwa na upande wa mbele. Alikuwa mgongo pande zote, na kisogo juu yake, na helmeti juu ya kisogo.

"Baba Lugano," alisema, "uso umeuacha wapi?"

"Wataalamu wanasema ubebe vile tu utakavyovihitaji," ulijibu mgongo.

"Na uso hauhitajiki?"

"Kunywa maji, Mama Lugano. Kunywa kabla hujasikia kiu."

Tulinagwe alitaka kunywa. Chupa ilikuwepo, imekaa kwenye kishikio chake, baridi. Lakini alikuwa anaufikiria ule uso. Kama umeachwa sebuleni utakanyagwa na soksi. Mgongo ukazidi kwenda, ukawa kitu cha njano kwenye mvuke wa lami, ukaisha. Hakunywa. Basi akasikia kiu.

Aliisikia vizuri kabisa. Ilikuwa sauti ya mwanamke na ilitokea nyuma yake.

"Dada," ilisema. "Dada, nisubiri."

Tulinagwe anashika breki, anasimama. Mwanamke mrefu aliyekonda anakuja anakimbia pembeni mwa lami, ndala zake ameshika mkononi, vumbi la bonde la Usangu limempanda mpaka magotini. Anafika anahema, anashika karia ya baiskeli kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa itaondoka.

"Asante," alisema Kiu. "Hakuna anayesimama."

"Kwa nini?"

"Wakinisikia wanakunywa maji. Mtu akinywa, mimi nanyamaza. Wengine siku hizi wanakunywa hata kabla sijafungua mdomo. Sijawahi kumaliza sentensi tangu nizaliwe."

"Ulikuwa unataka kusema nini?"

Lori la mchele lilipita, likawamwagia pumba. "Nimeisahau," alisema Kiu. "Ninachokumbuka ni kwamba inaanza na 'nisubiri'."

Tulinagwe alimwambia apande. Kiu akapanda nyuma juu ya mikoba, akashika kiuno cha Tulinagwe kwa mikono mikavu, na hakuwa mzito hata kidogo. Kiti kiliguna kwamba hakikuarifiwa habari za abiria. Wakaondoka. Mara kwa mara Kiu alifungua mdomo, akasema "Nisubiri..." kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Haikuwa hivyo. Nitaikumbuka."

"Usiwe na haraka," alisema Tulinagwe. Kooni kwake kulikuwa kumekauka mpaka lile neno lake likawa linakwaruza, lakini hakuigusa chupa. Alitaka kuisikia sentensi hiyo mpaka mwisho. Alikuwa na hakika, bila kujua kwa nini, kwamba anaijua.

Mahali fulani kabla ya Igurusi palikuwa na mgongo mwingine wa njano umesimama barabarani, au huenda ni ule ule.

"Vaa koti la mvua," ulisema.

"Hakuna mvua, Baba Lugano. Tazama juu."

"Wataalamu wanasema livae kabla."

Tulinagwe alichoka kubishana na mgongo. Alilitoa koti mkobani, jipya, rangi ya machungwa, bado lina mikunjo ya dukani. Akaliingiza mkono mmoja, kisha wa pili. Ndani mlikuwa mnanyesha.

Koti lilikuwa la mvua, na mvua ilikuwamo. Nje jua liliendelea kuchoma lami na kunguru walikaa wameachama midomo. Ndani ya koti mvua ilianguka nene, ya kwao Rungwe, ile inayoanza asubuhi na kukaa kama mgeni. Ilinukia majani ya chai na udongo mweusi wa mgombani. Alipofungua zipu alikuwa Igurusi. Alipofunga zipu alisikia maji yanapiga migomba, na mtu anamwita ng'ombe kwa Kinyakyusa. Akafungua tena: Igurusi. Akafunga: Isongole, baridi, ukungu, barabara inapanda.

"Mama Lugano," alisema mtu nyuma yake, kwa sauti ndogo. Halafu akajisahihisha. "Dada. Hapa ndani mna maji?"

Ni Kiu. Alikuwa ameinua pindo la koti kwa nyuma, ameingiza kichwa.

"Usinywe," alisema Tulinagwe. "Hujamaliza sentensi yako."

"Kidogo tu. Kwa kiganja."

"Ngoja kwanza ukumbuke!"

Alivuta zipu kwa nguvu aifungue, warudi juani, lakini ilikwama kama zipu zote. Nyuma yake alisikia mtu anakunywa, bila haraka, kama anavyokunywa mtu ambaye hakuwahi kupewa. Mikono iliyoshika kiuno chake ikawa myepesi, ikawa kama kitambaa, haikuwapo. Juu ya karia ilibaki pea ya ndala zenye vumbi. Tulinagwe aliziangalia, na alitaka kulia lakini hakujua analia nini, kwa sababu alikuwa hana kiu tena.

Akafika kileleni. Hapo mvua ilitoka kwenye koti ikawa ya kila mtu.

Kutoka pale barabara ilishuka. Ilishuka kwa kona ndefu, kuelekea Kiwira, inang'aa maji, na mwisho wake haukuonekana kwa ukungu. Mgongo wa njano ulikuwa umeshatangulia. Uliongea bila kugeuka, ingawa hata ungegeuka isingesaidia.

"Shika breki zote mbili, Mama Lugano. Kwa pamoja. Moja peke yake inaangusha."

Tulinagwe aliweka vidole kwenye breki zote mbili. Zikamponyoka.

"Mimi siwezi kushikwa pamoja na huyu," ilisema breki ya mbele.

"Nani anataka kushikwa na yeye?" ilisema ya nyuma.

Aliziuliza majina. Zilikuwa pacha, Kulwa na Doto. Kulwa ndiye wa mbele, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Zilikuwa zimeishi kwenye usukani mmoja, moja kulia na nyingine kushoto, na hazikuwa zimesalimiana tangu mwaka jana.

"Mwambie mwenzangu," alisema Kulwa, "kwamba siku ile barabara ya Njombe nilishikwa peke yangu, nikabeba mwili mzima, na yeye hakunyoosha hata kidole."

"Mwambie na yeye," alisema Doto, "kwamba mimi sikuitwa. Siendi mahali nisipoitwa."

"Ulilala."

"Ulijidai."

"Mwambie aniombe radhi."

"Mwambie aanze yeye."

Tulinagwe alishuka kwenye baiskeli. Mvua ilimtiririka shingoni. Alikuwa amesuluhisha watu wengi maishani, mawifi, majirani, wasichana wa cherehani waliogombea mkasi, lakini hapo hakujua amkalishe nani wapi. Mwishowe alichuchumaa barabarani, mbele ya usukani, akazungumza na zote mbili kama anavyozungumza na watoto wa shule wakija kupimwa sare.

"Nisikilizeni. Siku ile nilikuwepo."

Zikamgeukia.

"Tulikuwa tunateremka," alisema. "Baba Lugano alikuwa mbele, anakwenda kasi. Mimi niliogopa. Nilitaka anisubiri. Nikamwita, hakusikia. Nikainua mkono wa kushoto nimpungie. Ulibaki wa kulia peke yake, na wa kulia ulimshika Kulwa peke yake. Doto, hukuitwa kwa sababu mkono wako ulikuwa juu, unaita mtu mwingine."

Mvua ilinyesha.

"Halafu?" aliuliza Doto.

"Halafu nikaruka juu ya usukani. Nilikaa kwenye majani pembeni ya barabara, sijui muda gani. Lori la mbao likanipakia. Tulipofika chini kwenye daraja, alikuwa amekaa juu ya jiwe anakula mahindi ya kuchoma. Alikuwa hajajua. Aliponiona aliangusha hindi."

"Alisema nini?"

"Alisema helmeti ile haikunikaa vizuri. Tangu siku hiyo anasoma mambo ya vifaa."

Maji yalidondoka kwenye ncha za breki, tone huku, tone kule.

"Kwa hiyo si mimi," alisema Kulwa.

"Wala si mimi," alisema Doto.

"Si nyinyi."

"Kumbe," zilisema zote mbili, na hilo lilikuwa neno la kwanza kulisema pamoja.

"Nipeni mikono," alisema Tulinagwe.

Nywele zake zilikuwa zimesukwa kwa uzi, na alipeleka mkono nyuma ya sikio la kulia, akatafuta ncha ya msuko mmoja, akaufumua. Uzi mweusi ulitoka mrefu, umelowa. Akaufunga kwenye mkono wa Kulwa, akauvusha juu ya usukani, juu ya kengele, akaufunga kwenye mkono wa Doto. Akamalizia kwa fundo analomalizia vifungo vya sare, ambalo alilibuni mwenyewe baada ya miaka ya kuona watoto wakirudi bila vifungo: unapitisha uzi chini, unaurudisha katikati ya jicho lake, unauvuta mpaka unapotea.

"Sasa salimianeni."

"Habari yako," alisema Doto, akiangalia pembeni.

"Nzuri. Za siku?"

Zilikuwa na mengi. Zilianza kusimuliana chini chini, kutu, baridi, fundi fulani aliyezikaza kupita kiasi, na Tulinagwe akapanda baiskeli huku zinaongea. Kiti hakikumwambia akae nusu. Alikaa wote. Alipotazama chini, mgongo wa njano ulikuwa mbali, karibu na kona ya mwisho, na ukungu ulikuwa unaufunika.

Anajaza kifua hewa. Lile neno lililomkaa kooni tangu jioni analisukuma litoke, na linapotoka si "siendi". Ni jingine kabisa.

"Baba Lugano! Nisubiri, na mimi nipo!"

Akasikia kwamba ndiyo ile sentensi ya Kiu. Akashika breki zote mbili, akaachia, akaanza kuteremka. Kule chini mgongo ulisimama. Ukaanza kugeuka, polepole, kama mlango mzito, na kwa mara ya kwanza ukingoni mwake palionekana sikio, kisha shavu...

"Mama Lugano!"

Alifumbua macho. Kumepambazuka. Upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu na sauti ilikuwa inatoka uani.

"Mama Lugano, hebu njoo mara moja."

Alijifunga kitenge akatoka. Asubuhi ya Makambako ilikuwa kavu na baridi, upepo unasukuma vumbi jepesi kutoka upande wa stendi. Ambakisye alikuwa ametoa baiskeli zote mbili stoo. Yake ilikuwa mlangoni, tayari kutangulia. Ya Tulinagwe ilikuwa imeegemea ukuta, na yeye alikuwa ameinama mbele ya usukani wake, mikono magotini, kama anavyoikagua nguzo asiyoiamini.

"Stoo niliifunga mwenyewe," alisema. "Ufunguo nimelala nao. Hiki nini?"

Uzi mweusi ulikuwa umefungwa kutoka breki ya kulia hadi breki ya kushoto, juu ya kengele, umenyooka.

Tulinagwe alipeleka mkono nyuma ya sikio la kulia. Msuko mmoja ulikuwa umefumuka, nywele zimesimama.

Ambakisye aliutazama mkono wa mkewe, akautazama uzi. "Umefunga wewe? Lini?"

"Nilikuwa nimelala."

"Sasa mtu anafunga breki za nini?"

"Zilikuwa hazisalimiani," alisema Tulinagwe. Halafu, kwa kuwa alikuwa bado na usingizi na ilionekana rahisi, aliongeza: "Siku ile niliyoanguka, Baba Lugano. Mkono mmoja haukuwa kwenye breki. Niliuinua kukuita."

Ambakisye alisimama wima. Jirani alifungulia kuku, wakatoka kwa fujo.

"Sikusikia," alisema.

"Najua hukusikia."

"Nilikuwa nakula, wewe uko kwenye majani." Alitazama mikono yake. "Mimi tangu siku ile sijala hindi la kuchoma. Hata harufu yake siitaki. Hukuona?"

Tulinagwe hakuwa ameona. Alifikiria msimu mzima wa mahindi uliopita, yeye akinunua, mumewe akisema ameshiba, na akashindwa kuelewa imekuwaje wakala meza moja siku zote hizo bila kujua. Alimtazama. Ulikuwa uso wa kawaida, wenye mvi kidevuni na alama ya mto shavuni, na ulikuwa umemwelekea.

"Kama hutaki kwenda, sema," alisema Ambakisye. "Tutabaki. Sitanuna."

"Nakwenda," alisema Tulinagwe. "Ila mteremko wa Isongole natangulia mimi. Na hiki kitenge kinaingia kwenye mkoba."

Ambakisye aliitikia kwa kichwa. Alikwenda mlangoni, akaitoa baiskeli yake pale, akaizungusha uani, akaiegemeza nyuma ya ile ya mkewe. Kisha akarudi kwenye usukani, akajaribu kuufungua ule uzi kwa kucha. Alihangaika nao sana. Hakuona fundo linaanzia wapi.

"Acha," alisema Tulinagwe. "Hilo haliwezi mtu mwingine."

Aliinama akalifungua kwa vidole viwili. Mvua ya mwisho Makambako ilinyesha kabla ya wanafunzi kufunga shule, na usiku hapakuwa na umande; kiti kilikuwa kikavu, usukani mkavu, kengele ina vumbi. Uzi ulikuwa umelowa chepechepe. Aliukamua, maji yakadondoka kwenye mchanga kati ya miguu yao, na wote wawili wakainama kuyatazama. Yalinukia majani ya chai.